Shaba ya Kulinda Antene

Yaya Amisi, kaka yangu mukubwa,

Amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya wote wa nyumbani Kasongo. Mugongo wa mama ukoje? Bado anakataa dawa akisema maji ya moto na chumvi vinamutosha? Mimi niko muzima, Mungu ashukuriwe. Ile homa imeisha, na muhogo tuliopanda nyuma ya santre ya afya umeshika vizuri.

Motari uliyemutuma amefika jana na pikipiki yake, matope hadi kwenye kofia. Kabla hajakunywa hata maji akaniambia, «Mama Zaituni, funga muzigo. Yaya wako amesema nisirudi bila wewe.» Kisha akatoa barua yako. Nimeisoma mara mbili. Unasema nilikuja huku upande wa Lusangi kusaidia wanawake wanaozaa, sikuja kufa kwa radi, na kwamba soko zima la Kasongo linajua antene yetu inaita radi. Yaya, acha nikueleze mimi niliyekuwako, maana habari ya soko inanenepa njiani.

Antene yenyewe ni kitu bapa, cheupe, kama sinia. Iko juu ya paa la santre, inaangalia mbingu. Fundi aliyeifunga alitueleza kwamba huko juu, kupita mahali ndege zinapita, kuna masini nyingi zinazozunguka dunia, ndizo satelite. Hazisimami. Moja ikienda zake, nyingine inashika kazi. Nikamuambia, basi ni kama sisi wanawake siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kujenga musikiti, tunapitishana matofali mukono kwa mukono na hakuna linaloanguka. Akacheka, akasema ndiyo hivyo, ila musiweke kitu katikati ya mikono. Huku hakuna munara wa telefoni hata mumoja, lakini kwa njia hiyo munganga wa hospitali ya Kasongo anatuona na sisi tunamuona. Siku fundi alipoyasema hayo, Papa Ramazani, sentinele anayelinda santre, alikuwa shambani kwake.

Sasa sikia. Juma lililopita alikuja mama mumoja, Mariamu. Alizaa vizuri, mutoto wa kike, lakini damu haikukoma. Mukunga wetu, Mama Selina, akainua kondo la nyuma mbele ya telefoni ili munganga aliangalie.

«Geuza,» munganga akasema. «Polepole. Leta mwangaza. Hapa, upande huu, naona…»

Picha ikakwama, mudomo wake wazi. Nje mbingu ilikuwa inanguruma.

«Ni mvua,» Selina akasema, na sauti yake haikuwa sauti yake. Mimi nikatoka mbio. Yaya, ningecheka kama si damu ile. Papa Ramazani yuko juu ya ngazi, amefunika antene na beseni letu kubwa la aluminiumu, lile la kufulia mashuka, na anakaza kamba!

Unajua kwetu. Mbingu ikinguruma, mama anageuza kioo ukutani na kufunika sahani, radi isione kinachongaa. Papa Ramazani naye alilelewa hivyo hivyo.

«Papa Ramazani, toa beseni!»

«Radi inatafuta kitu cheupe, Mama Zaituni. Nimewaokoa!»

«Umemufunika munganga uso!»

«Munganga iko Kasongo, kavu kabisa. Anayelowa ni mimi!»

Nikapanda hivyo hivyo, kitenge kimeshikana na miguu, nikasema bismillahi na kuvuta kamba. Beseni lilianguka kwa kelele kupita ngurumo. Ndani tukangoja. Selina alikuwa anasali kwa Yesu wake, mimi kwa njia yangu, nimeshika mukono wa Mariamu, umekuwa baridi. Kisha sauti ya munganga: «Muko wapi? Kipande kimebaki ndani. Selina, unanisikia? Kipande cha kondo kimebaki ndani.» Akamuongoza neno kwa neno hadi damu ikakoma. Jioni Mariamu aliomba chai. Mutoto wanamuita Mama Beseni, lakini jina lake ni Salima.

Ila sikufichi kitu. Hatujamaliza kunawa mikono, radi ilipasua muti wa mungazi nyuma ya jiko, kutoka kichwa hadi chini. Papa Ramazani alinionyesha na kidole.

Ndiyo maana shefu wa kijiji alituita. Watu walisema masini ile itoke. Sikuwacheka, mungazi niliuona kwa macho yangu. Nikawaambia fundi ametueleza dawa yake: chuma kirefu kupita paa, na kutoka kwake waya munene wa shaba unaoingia chini kwenye udongo wenye maji. Radi ikija, inashukia pale na kuzama.

«Hiyo shaba muko nayo?» shefu akauliza.

«Tutaipata.»

«Basi mwezi mupya ukionekana bila shaba, antene inashuka.»

Papa Ramazani akasimama: «Shimo nitachimba mimi. Lakini huyu mama akishindwa, beseni langu liko tayari.» Watu wakacheka, hata shefu.

Shimo limekwisha chimbwa. Chuma tumepata. Shaba nimeitafuta hadi Kabambare na hadi Salamabila, hakuna. Yaya, wewe ni fundi wa chuma, na chini ya kitanda chako kuna ule waya wa shaba wa masini ya zamani ya pamba, unaoukata kidogo kidogo kwa bangili. Nauomba wote. Ninajua ni riziki yako. Lakini nimeshika mukono wa Mariamu ukiwa baridi, na siwezi kufunga muzigo kabla antene haijapata ulinzi wake.

Nisalimie mama, umuambie kioo aendelee kukigeuza, hakidhuru mutu. Nisalimie shemeji yangu, muke wako, na mwalimu wa madrasa aliyenifundisha kuandika, na jirani yetu muuza mawese.

Motari nimemurudisha peke yake na barua hii. Kiti chake cha nyuma kiko wazi. Pale ulipotaka nikae mimi, funga shaba.

Mudogo wako anayekupenda,
Zaituni