Stuli ya Mama Wambui

Jumatano

Mimi nilijua mapema kwamba bosi wa chumba cha habari, kwa ile drama ya televisheni tunayotazama kwangu kila Jumatano, ndiye anasumbua watangazaji wasichana. Uongo. Mama Wambui, jirani yangu, ndiye alimshuku wiki jana. Nikamtania, "Wewe kwa udaku ungeajiriwa huko!" Akanuna, akabeba stuli yake akaenda kwake.

Leo bosi ameumbuliwa hewani, nchi nzima ikiona. Nikageuka niseme, "Mama, ulisema kweli!" Ukuta tu. Tangu mke wangu aage dunia, ni yeye pekee hunijibu. Na asiporudi...

Mama Wambui, nilikukamulia ng'ombe ulipoenda Naivasha, akanipiga teke, na sikukudai chochote. Sasa unilipe hivi: rudisha hiyo stuli, na uikalie.