Damu ya Kapita

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa nane

Miezi tisa na siku mbili tangu nitoke kwetu Kyondo. Mgongo umekwisha kwa magunia ya kakao, hapa depo ya Mulekera. Na Kapita, mbwa wangu niliyekuja naye, hana nguvu tangu Ijumaa. Docteur Julie wa mifugo amekuja kumtoa damu. Vita! Wabebaji wanne juu ya mbwa mmoja, sindano mara tatu. Mimi nilikuwa nimemlisha sombe, majani ya muhogo, na mawese kwanza — mgonjwa haendi kwa daktari na njaa. Kisha moto, pikipiki ya abiria, hadi maabara ya Butembo, chupa ya damu mfukoni. Niliitikisa njia nzima, vizuri kabisa, kama dawa ya sirop ya watoto.

Jumatano, 6

Majibu: ini limeharibika, sukari iko juu. Patron Aruna, mkubwa wa depo, anasema mnyama asiteseke, Ijumaa apigwe sindano ya mwisho. Nyumbani wakipiga simu, watoto wanamwulizia Kapita kwanza, baba baadaye. Nitawaambia nini? Sikula.

Alhamisi, 7

Docteur Julie amerudi na karatasi ya maabara mkononi.

— Papa Maliro, hii damu uliifanya nini?
— Nilitikisa, Docteur.
— Namna gani?

Nikamwonyesha. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia.

— Damu hapana bia ya Primus, papa! Na alikula?
— Sombe.
— Na mawese?
— Mingi.
— Yesu!

Akanieleza. Ukiitikisa, damu inapasuka, na mashine inasingizia ini. Mafuta yanaifanya nzito, mashine haioni. Woga nao unapandisha sukari. Kumbe nilikuwa namuua mwenyewe! Docteur akasema hata yeye ana kosa, hakuuliza kama amekula. Tunaanza upya. Patron amekubali kungoja majibu.

Ijumaa, 8

Kapita alilala njaa, akaniangalia kama mwizi. Asubuhi hapana wabebaji: mimi tu, kichwa chake kwapani, namsimulia habari za mbuzi wa kwetu. Sindano moja! Hata hakulia. Chupa ikasimama bila kuguswa mpaka damu ikaganda, ikaingia kwenye thermos ya barafu. Nikamwambia mtu wa moto aende pole pole.

— Umebeba bibi harusi?
— Zaidi!

Sasa niko kwenye benchi la maabara. Kijana wa mashine ameinua chupa kwenye mwanga: maji ya juu ni safi, unaona vidole vyake upande wa pili. Yale ya Jumatatu yalikuwa mekundu na mazito, anasema. Ningoje kidogo.

Patron amepiga simu, anafoka: mbwa wako amekula beignets zangu zote za chai, na sahani ameilamba! Nimecheka peke yangu, watu wananitazama.

Conge, likizo yangu, inaanza kesho. Nimempigia mke wangu Kavugho bila kungoja karatasi: Jumapili, kabla misa haijatoka, tutakuwa Kyondo. Wawili.