Kikombe cha Benchi la Mbele

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini mguu umepoa na sasa unaukanyagia. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, na uchovu ambao hata usingizi hauuondoi. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, herufi zimelala huku na huku, maana barua hii simwamini mtu aniandikie.

Ujumbe wako umenifika, kwamba mimi si kaka yako tena kwa kuwa nimemwaibisha mwanao kanisani. Sawa. Nisikilize kwanza.

Unajua vijana waliandamana kudai kura zao. Askari wa mwanao, mkuu wa wilaya, wakawakimbiza, wao wakakimbilia kanisani, mabomu ya machozi yakawafuata humo humo. Yale mabenchi niliyoyaranda mimi, ambayo fundi wa kuyaunga vile bado hajazaliwa, yamevunjwa. Mchungaji akahubiri kwamba serikali ni mtumishi wa Mungu, na mtumishi akiwapiga watoto wa mwenye nyumba, wana haki ya kupiga kelele. Nilimwambia mahubiri ni mazuri ila mafupi, mimi ningewaweka mpaka jua la utosi.

Jumapili ya meza ya Bwana mwanao akaja, akakaa benchi la mbele. Unakumbuka, kwetu mzee wa kanisa hupitisha sinia la vikombe watu wakiwa wameinamisha vichwa. Nilipomaliza, kila mtu ana kikombe, mkuu wa wilaya hana. Kufika nje, habari zimeshaenea kwamba nimemnyima. Vijana wakaniita Simba wa Sinia. Muuza mkaa akasema, babu, kumbe roho yako nyeusi kuliko gunia langu! Nikanyoosha mgongo. Wazee wenzangu wakanitaka niombe radhi, la sivyo wanivue uzee wa kanisa. Nikawaambia mlango naujua, niliutengeneza mimi.

Sasa ukweli, dada. Sikumnyima. Nilimfikishia sinia kama wengine, nikasimama, hata bega nikamgusa. Akakifunika kikombe kwa kiganja, akaninong'oneza: mjomba, pitisha tu, sistahili.

Nje, vijana waliponishangilia, mwanao alinitazama, nikamwelewa. Wakubwa wake wakijua amejihukumu mwenyewe, wamemmaliza. Wakisikia amenyimwa na mjomba mkaidi, watacheka tu. Nikawaacha waendelee kuniita Simba. Na zile sifa, sikatai, nilizipenda.

Jumapili hii wananivua. Siombi radhi, maana nikianza kueleza, yatatoka yote. Miaka yangu yote ya kubeba sinia inaishia hapo, na nimechoka hata kugomba.

Kwa hiyo endelea kunitukana sokoni, tena kwa sauti, itamsaidia. Ila ukipiga magoti peke yako, niite kaka.

Nisalimie wote wa nyumbani. Barua hii iwashie jiko.

Ni mimi kaka yako,
mzee wa kanisa mpaka Jumapili.