Duara la Shaba Nyuma ya Picha ya Harusi

Jumatatu, 3 Machi 1975

Leo nimenyang'anywa kipande changu.

Sajini Opoka wa kambi ya Mbuya ameingia dukani na gunia, akafunga mlango mwenyewe kana kwamba duka ni la baba yake. Ndani ya gunia, redio mbili za kuongea, zile za madereva wa malori ya Mombasa. Amezipata kizuizini. "Nimekamata," anasema. Haya, amekamata.

Anataka moja ikae kwake Mbuya. Ya pili ikae hapa Kawempe – kwa Bibiane! Bibiane jirani yangu, fundi cherehani, Mkongomani mwenzangu, tunatenganishwa na ukuta mmoja! Kumbe yule "mjomba" anayemletea samaki kila Jumapili ndiye huyu. Miezi saba! Mimi naona waya uliokatika ndani ya redio, lakini mwanaume mzima mwenye viatu vya jeshi anapita mbele ya duka langu simwoni.

Masharti yake: "Antena hapana onekana. Mtu akiona antena juu ya nyumba, wale watu ya usalama, ya miwani nyeusi, wanakuja. Na Mama Rosalba asijue kitu." Mama Rosalba ndiye Alanyo, mke wa nyumbani, mama wa watoto.

Halafu akaomba kipande changu cha mgeni. Akakisoma pande zote mbili, akakitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Nitakipata redio zikisema.

Bila kipande sivuki hata kizuizi cha Bwaise. Wenye bahati wanarudishwa mpakani. Wengine hawarudishwi popote.

Mshenzi! (Hilo nimelisema moyoni. Mdomoni nilisema: ndiyo, afande.)

Jumanne, 4 Machi

Antena ya redio hizi inataka fimbo ya karibu mita tatu. Utaificha wapi? Ndani ya suruali?

Nimekumbuka Padri mmoja kule Bukavu aliyekuwa anaongea na Ubelgiji kwa duara la bomba tu, limesimama mezani. Duara moja kubwa, limekatwa juu. Hapo lilipokatwa unaweka kondensa ya kuzungusha. Ndani yake kiduara kidogo cha waya kinachopokea kutoka redioni. Basi. Wanafunzi wengine walikwenda kucheza mpira, mimi nilibaki namtazama.

Nimefungua friji iliyokufa, nikatoa bomba lote la shaba. Yametoka maduara mawili, kila moja upana wa sinia kubwa la harusi. Kondensa nimetoa kwenye redio za zamani.

Jaribio la kwanza – cheche! Paa! Harufu ya nywele zilizoungua, na nywele ni zangu. Vibati vya kondensa vimekaribiana mno, moto unaruka. Nimeng'oa kimoja, nikaacha kimoja, nikang'oa kimoja. Kesho tena.

Alhamisi, 6 Machi

Limesema!

Nilisogeza bisibisi ya testa karibu na duara, bila kugusa chochote, na kitaa chake kikawaka chenyewe hewani. Bibiane akapiga ishara ya msalaba, akasema "Kaka Mugisho, hii ni kazi ya nani?" Nikamwambia ni kazi ya Sajini wako. Akaona haya, akacheka, akaona haya tena. Hataki kufichwa, anasema. Yeye si gunia la magendo.

Tabu moja: ukigusa kondensa kwa mkono, sauti inakimbia. Ukiondoa mkono, inakimbia upande mwingine. Nimefunga mpini wa mwiko, sasa nasonga kwa mbali kama mtu anayepika ugali.

Jambo jingine, na hili nimemweleza Sajini mara tatu. Ukimwelekezea mtu tundu la duara, hasikii kitu. Mwelekezee ukingo, anakusikia vizuri. Kila mtu anafikiri tundu ndilo sikio. Sivyo! Tundu ni kiziwi.

Jumamosi, 8 Machi

Mbuya, kwa gari la Sajini.

Duara la kwake tumelificha mbele ya macho ya watu wote: tumelifanya fremu ya picha yao ya harusi! Kanisani, yeye mwembamba, Alanyo ana maua. Nimeipaka shaba rangi ya dhahabu, kondensa iko nyuma ya picha. Redio yenyewe imo ndani ya kabati la vyombo.

Wazo lilikuwa langu. Mungu anisamehe, nililitoa kwa utani na mtu mzima akalikubali.

Ila ukuta wa sebuleni unaelekeza tundu Kawempe. Ikabidi picha ihamie ukuta wa pili, karibu na mlango wa jikoni. Sajini akamwambia mkewe ukuta ule una unyevu. Alanyo akaupapasa – mkavu kama biskuti. Akanipa chai na mihogo, akasimama akiitazama ile picha. "Baba Rosalba amekumbuka harusi yetu," akasema. Nikainamia mihogo yangu.

Alipotoka kwenda sokoni tukajaribu. "Sungura, Sungura, hapa Simba," Sajini akaita. Na Bibiane, wazi kabisa, kutoka kilima hadi kilima: "Simba, niko nakusikia!"

Nikanyoosha mkono nipewe kipande. Sajini akasema tuone kwanza kama itadumu wiki mbili.

Jumatano, 12 Machi

Kila siku saa sita Alanyo yuko sokoni na Simba ananguruma. Mimi nimejitengenezea kipokezi. Huko ni kupima ubora wa kazi, si umbea.

Loo, Sajini! Yule anayefokea watu kizuizini mpaka wanasahau majina yao, anauliza kama Sungura amekula, kama Sungura amekunywa maji.

Halafu nimegundua mchezo. Duara la Bibiane linaning'inia kwenye ukuta wetu mmoja, nyuma ya magauni. Nikiegemeza karai la bati upande wangu, sauti inaondoka. Nikiliondoa, inarudi.

"Nakupenda," anasema Simba. Karai. "Sijasikia," anasema Bibiane. "Nakupenda!" Karai. "Sema tena!" "NAKUPENDA!" Kikosi kizima kimemsikia bila redio.

Mara nne. Kipande kimoja, karai mara nne. Hatujalipana bado.

Ijumaa, 14 Machi

Alanyo amekuja dukani. Peke yake, kitambaa kichwani, amekaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Nikasema shikamoo mama, ingawa mimi ni mkubwa kwake. Hofu tu.

Alirudi kutoka sokoni mapema, anasema, mvua ilimfukuza. Akamkuta mumewe amesimama mbele ya picha ya harusi, anaiambia maneno matamu. Akasimama mlangoni, machozi yakamlenga. Akajiambia: miaka kumi na moja, na huyu mtu kumbe anaongea na picha yangu nikiwa sipo!

Halafu picha ikajibu. Kwa Kiswahili cha Bukavu.

Alirudi nyuma kimyakimya, akaenda kukaa kwa jirani. Leo kafuata kile Kiswahili, ndicho changu pia, mpaka dukani.

Nilingoja anipige. Hakunipiga. Alisema – nayaandika kama alivyoyasema – "Kuoa mimi nakubali. Kwetu mke ya pili analetwa nyumbani, watu wanamwona, ananisalimia, mimi namwonyesha jiko. Lakini kuficha? Mimi ni mtu ya kufichwa kitu kama askari ya kizuizi?" Kilichomuuma ni hicho.

Nikaenda kumwita Bibiane. Akaingia akapiga magoti, akamsalimia mkubwa wake kwa heshima yote. Nikadhani sasa ni makofi. Walikaa wakitazamana, halafu Alanyo akamuuliza nani alimshonea gauni hilo. Basi ikawa gauni. Saa nzima ya gauni!

Akiondoka akaniambia: "Fundi, nionyeshe hiyo mwiko inazungushwa namna gani."

Nimemwonyesha.

Jumatatu, 17 Machi

Leo saa sita Simba hakunguruma, njia imejaa. Wake zake wawili wanapeana habari za kupika sombe, kisamvu cha kwetu. Alanyo kahamia kwa jirani na redio, duara, picha na kila kitu! Simba amebaki na kabati tupu. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Jumanne, 18 Machi

Sicheki tena.

Opoka amekuja uso umekuwa majivu. Kapteni wake amewasikia. Ameandika kila kitu: majasusi wawili wa kike, kila siku saa sita, wanaongea kwa mafumbo. "Sombe inaiva lini." "Weka mawese nyingi." "Ukiwa tayari leta kwa mlango ya nyuma." Kapteni anaamini sombe ni bunduki. Ametoa amri: jasusi apatikane kabla ya Jumamosi jioni. Na aliyepewa kazi ya kumtafuta ni – Sajini Opoka!

Hapo nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

Akasema polepole, bila kunitazama: "Fundi, mtu lazima apatikane. Mimi nina watoto. Wewe ni mgeni, una redio, hauna kipande." Sina kipande! Kiko kwenye shati lake! Nilikiona kinachungulia mfukoni!

Nikamwambia awanyamazishe wake zake, mambo yatapoa. Amekwisha jaribu. Alanyo kamjibu kwamba siku atakapomleta Bibiane nyumbani mchana, watu wakiona, ndiyo siku redio itazimwa. Na Bibiane? Nilimwomba kwa magoti. Anasema mkubwa wake ndiye anayeamua.

Opoka anaogopa watu watasema nini kambini. Anaogopa maneno ya kambi kuliko anavyoogopa mimi kufa. Hilo limeniuma. Muhogo wake nimekula, picha yake nimeipaka dhahabu.

Alhamisi, 20 Machi

Landrova ya msako imeingia Kawempe. Ina duara juu yake! Kubwa, la kizungu, linazungushwa kwa usukani mdogo. Nikajua nimekwisha. Saa sita kamili, wale mama wawili wanaanza: leo ni namna ya kutia pasi kola.

Duara likazunguka. Likasimama. Ukingo wake ukanitazama mimi, moja kwa moja, mimi na Bibiane na kola zetu.

Na Landrova ikaondoka kwenda upande mwingine!

Jioni Opoka ameniambia. Kapteni aliwatangazia vijana wake kwamba tundu ndilo linaloona, kama lilivyo darubini. Wote wakasema ndiyo afande. Opoka anajua si kweli, nilimfundisha mara tatu. Lakini nani amsahihishe kapteni? Basi wakafuata tundu. Tundu likawapeleka Bwaise, kwenye kinamasi, gari likazama mpaka milango. Watu wakalivuta kwa kamba. Kapteni alipoteza kiatu kimoja.

Tumecheka, mimi na yeye, tukashikana mabega. Halafu akakumbuka, akaniachia. Jumamosi bado ni Jumamosi.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika na Kapteni amekaa mbele yangu.

Ameingia saa tano na nusu na Opoka nyuma yake. Viatu vipya. Lile duara la Landrova wameliweka juu ya meza yangu. Ameambiwa Kawempe kuna fundi mzuri wa antena. Nani kamwambia? Watu wa mtaa, kwa kunisifu tu.

Si mkali. Ndilo linaloniogopesha. Ameniuliza kwa upole: "Fundi, wewe ni mtu wa kazi. Hii kitu inasikia kwa tundu au kwa ukingo?"

Nikisema ukingo, ndani ya nusu saa atamkuta Bibiane nyuma ya ukuta huu. Akimkuta Bibiane atafuata uzi mpaka Mbuya, mpaka kwa Alanyo, mpaka kwa Opoka. Na mimi nipo katikati ya uzi. Nikisema tundu, basi nimempeleka tena kwenye vyura, na mara hii atarudi akijua ni nani aliyempeleka.

Nikasema ngoja afande, lazima kwanza nijue vipuri gani vimeharibika, niviandike. Akakubali. Basi naandika. Hili ni daftari la kazi – mbele vipuri vya wateja, nyuma mambo yangu. Nimelifungua nyuma. Kila baada ya maneno machache nalitazama duara, nakuna kidevu, naandika tena. Nimekuwa daktari.

Opoka amesimama nyuma ya kiti cha Kapteni. Jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Sasa hivi amefungua kifungo cha mfuko wa shati. Taratibu. Ametoa kipande changu, akakiweka mezani chini ya koleo, kama mtu anayepanga vifaa. Macho yake yanasema yote: tafadhali. Sajini wa kizuizi ananiambia mimi tafadhali!

Nimekivuta kwa kiwiko. Kiko chini ya daftari. Ningeweza kutoka, kuvuka Bwaise, kufika mbali. Na Bibiane je? Nasikia cherehani yake ukutani, anashona huku anaimba. Hajui nani yuko hapa. Duka lina mlango mmoja na dereva wao amekaa hapo.

Saa sita kasoro dakika saba.

Cherehani imesimama. Anaandaa maiki, namjua, huwa anakohoa kwanza.

Amekohoa.

Kapteni ameuliza mbona orodha ni ndefu hivyo. Nikasema duara limeumia sana, afande. Ametabasamu. Anasema yeye pia anajua kusoma vipuri, alifundishwa.

Ananyoosha mkono achukue daf