Pikipiki Yangu Haikusagwa

Mama, nilikuwa nimekaa Mlali pembeni ya barabara, hii pikipiki ya umeme chaji imekata, nasubiri lori la nyanya linirudishe mjini, mara nikasikia pikipiki inashuka. Nikaijua kabla sijaiona. Si unajua yangu ile ya mafuta ilivyokuwa inakohoa? Ikatokea na keria yangu ya matenga, na kipande cha kanga yako bado kimefungwa kwenye kioo. Anayeendesha mtoto wa mjomba. Akaniona, akageuza uso, akapita.

Shikamoo mama. Nimeanza kusema hata sijakuamkia. Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko? Mimi mwili mzima, moyo ndio mbovu.

Mjomba mwenyewe ndiye alikuja kijiweni kwetu hapa Msamvu, akasema serikali inataka kupunguza moshi wa barabarani, moshi ndio unaharibu mvua. Ukitoa ya mafuta unapewa ya umeme, ile ya zamani inasagwa isirudi tena barabarani. Nikakubali. Hata mto wetu si umepungua? Halafu kwetu sisi mjomba akishasema, nani wa kumuuliza?

Aliyenionya ni Shija, yule mtani wangu Mnyamwezi. "We Mluguru, mjomba wako anakuuza. Hiyo betri itakufia mlimani, tuwazike kaburi moja."

Nikamjibu, "Tangulia wewe, mla michembe ya viazi, tuje tule ubwabwa msibani."

Tukacheka kijiwe kizima. Kumbe mtani alikuwa anasema kweli, mjomba ndiye alikuwa anatania.

Hii ya umeme siisemi vibaya. Huku tambarare inakwenda vizuri, haina kelele. Ila betri zinabadilishwa hapa Msamvu tu, na mlima unaimaliza betri kabla sijafika kwako. Ndiyo maana siji, njegere zako zinaharibika. Na mboga za huko juu zote sasa anabeba mtoto wa mjomba, kwa pikipiki yangu.

Nilitaka nikuulize kwanza kama niseme, mama. Shamba unalolima ni la ukoo, mwenye kauli ni mjomba. Nikisema, anaweza kukutoa. Lakini leo watu wa serikali wako hapa, wanataka na wenzangu watoe zao, na mjomba ndiye ameshika spika. Nakuandikia kwenye benchi la mama ntilie. Shija anapandisha huko na ya kwake ya mafuta, ameshawasha, anapiga honi anataka barua.

Msalimie bibi, na shangazi aliyenifundisha kusuka matenga. Mdogo wangu anayekusomea hii asicheke mwandiko.

Mama, inabidi niende, mjomba ananiita mbele. "Mpwa wangu yule pale! Njoo uwaambie wenzako, ya kwako si tuliisaga?" Wote wamenigeukia. Unanijua mimi na watu, ila nampa Shija barua naenda.

Akija kukutoa shambani, ujue nimesema.

Mwanao,
Deo