Pale Ulipozungushia Nyekundu

Chuno,
Mtwara.
Ijumaa, 12 Septemba 2025

Mpendwa kaka Hemedi,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe? Shemeji Rehema hajambo? Na huyo mtoto Hawa, analala au ndiyo anawakesha? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu, ila mimi mwenzio nimechoka. Nimechoka mgongo, nimechoka macho, hata kuulizwa hali nimechoka. Baba afya yake si mbaya, magoti tu ndiyo yanamsumbua akishuka kwenye gari.

Usishangae kupata karatasi. Ningekutumia sauti kwa simu, lakini kuta za nyumba hii unazijua, Baba angesikia neno kwa neno, na jambo lenyewe sitaki alisikie. Jirani yetu Nuru anasafiri kuja huko Maskati keshokutwa, basi nitampa hii. Naandika haraka kabla Baba hajarudi kutoka msikitini.

Kwanza acha nikulaumu kidogo. Ulipotutumia ile kontrol boksi mpya, kompyuta ya injini, baada ya ile ya zamani kuingia maji, tulishukuru sana. Pikapu ikawaka, Baba akarudi kwenye shamba lake Mahurunga kama kawaida. Ungeishia hapo! Lakini wewe na kazi yako ya kupima injini za magari ya mashindano, ukataka kila wiki nikutumie faili za presha ya hewa kwenye menifodi, lile bomba linaloingiza hewa kwenye injini. Nikakubali. Mimi ndiye fundi umeme, mimi ndiye niliyebaki nyumbani, nani mwingine angefanya?

Basi tangu Juni, kila Baba akirudi nachomoa kadi kwenye boksi, naitia kwenye laptopu, nakutumia. Na kila wiki unanirudishia picha ile ile: mstari wa presha, na pale kwenye tambarare ya kuingia Mahurunga umezungushia nyekundu. Sitini na kitu, sitini na kitu, halafu pu! thelathini. Sekunde kumi, kumi na mbili, kisha inapanda tena. Unasema hapo hapana kona wala tuta, sasa kwa nini injini ikose hewa mahali pale pale kila safari?

Kaka, ule mpira wa hewa nimeufungua mara nne. Nimebadilisha ea klina, lile chujio la hewa, ambayo haikuwa na kosa lolote. Nimelala chini ya ile pikapu mpaka mchanga umeniingia masikioni. Na wewe huko ukawa unanitumia hesabu mpya za boksi zinazoongeza mafuta ukidhani unasaidia, matokeo yake inatoa moshi mweusi na plagi zinalowa petroli. Nilimuuliza Baba kama gari linakosa nguvu pale. Akasema gari halina neno. Nikamuuliza tena siku nyingine, jibu lile lile. Hatukumwamini, si wewe si mimi, tukasema ni uzee.

Ndipo ukatoa agizo lako: hitilafu isipopatikana kabla ya msimu wa korosho, pikapu iuzwe, Baba akae mjini. Najua unaogopa asije akakwama peke yake njiani kusiko na mtandao. Kwa hilo sikulaumu. Na nikuambie ukweli, sikubisha, maana nilichoka mno hata kubisha. Nikamwita Idrisa wa Likombe aje aitazame, akaipenda, akasema Jumamosi anakuja kuichukua. Baba alisimama anamwangalia akifungua boneti. Akaingia ndani, akatoka na kitambaa, akaanza kufuta kioo cha mbele.

Jana nikasema ngoja nipande mwenyewe, hii safari ya mwisho, niione hiyo presha kwa macho yangu. Nikakaa pembeni ya Baba, laptopu mapajani, waya umeingia kwenye boksi. Redio inapiga taarabu. Tukapita matuta ya Likombe, presha inashuka, inapanda, mambo ya kawaida. Tukafika kwenye tambarare yako.

Baba akazima redio. Akainua mguu kwenye pedali, gari likawa linajiendea lenyewe polepole, na kwenye laptopu mstari ukaporomoka mpaka thelathini. Nikageuka nimuulize kulikoni. Nikamkuta ametazama upande wa makaburi, anatoa salamu. Kisha akasema, taratibu kabisa, kama mtu anayeongea na mwenzake jikoni: Mama Hemedi, leo nimekuja na Riziki. Mikorosho imeshika maua vizuri. Akakanyaga mafuta, akawasha redio yake, tukaendelea.

Wewe kaburi la Mama hujawahi kuliona. Kibali chako hakikutoka siku zile, hukuwahi mazishi, ungejuaje liko wapi? Liko hapo hapo, hatua chache kutoka barabarani. Mimi nilijua, na wala sikuwaza. Halafu ule waya wa sensa ya pedali, inayopima mguu unavyokanyaga mafuta, uliokatika, ambao kila siku nilisema nitauunga kesho, ungetuambia tangu mwanzo kwamba ni mguu wa Baba tu. Hilo kosa ni langu, nisamehe.

Baba alipoingia shambani nilibaki garini nikafungua faili zote za nyuma, moja moja. Unaikumbuka ile ya Agosti iliyokutia hofu kuliko zote, presha imekaa chini karibu dakika nne? Nimetazama tarehe. Ni kesho yake baada ya wewe kupiga simu kwamba Rehema amejifungua mtoto wa kike na mmempa jina la Mama. Siku hiyo alisimamisha gari kabisa, kaka. Alikuwa na habari ndefu ya kumpa. Nililia mle garini, wallahi, nikalia na uchovu wote wa miezi hii.

Idrisa nimempigia leo asubuhi, nimemwambia gari haliuzwi. Kama una neno juu ya hilo niambie mimi, usimwambie Baba. Waya wa pedali nimeshauunga. Wewe nirudishie zile hesabu za mafuta za mwanzo, moshi uishe. Baba sijamgusia kitu, na ukipiga simu nawe usimguse hapo. Ni mazungumzo yake na mkewe.

Mama mdogo Halima anakusalimu sana. Anataka picha ya mtoto akiwa macho, amechoka kuletewa ya akiwa amelala kila siku. Nisalimie shemeji, mwambie namkumbuka. Mungu amkuze huyo Hawa wetu, awape usingizi, na atujalie siku mje wote watatu, Baba awapeleke Mahurunga mwenyewe.

Faili la safari ya jana nimeshakutumia. Ukifika pale mstari unaposhuka, kaka, usizungushie kitu. Mtolee Mama salamu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekununia na kukupenda,

Riziki