Kigari na Muteremko wa Ngomo

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kigari imekataa tena. Nilikuwa nimepakia maman Victorine na wazee wengine wawili, katikati ya mulima moteur ikakohoa, ikasimama. Nikashuka, nikasukuma kwa bega. Bega la kuume, lile lililovunjika. Linauma hadi sasa.

Hii maison de repos, nyumba ya wazee hapa Bruxelles, waliijenga vibaya: nyumba chini, kapela juu, katikati bustani na njia iliyosimama wima. Kigari yenyewe ni ya golf, klabu moja ilitupatia ilipochoka nayo. Kwa majani ya golf, sawa. Kwa mulima, bule kabisa.

Madame Eline, directrice, aliniita bureau. Tarehe 15 kuko misa ya Bikira Maria kule juu, wazee kumi wanataka kupanda. Alors, Anaclet, tunafanya nini? Nikasema mimi ni muntu wa umeme na mabomba. Ndivyo ninavyosema tangu niingie hapa. Moteur sijui.

Monsieur Etienne alikuwa amesimama kwa mulango, anasikiliza mambo yasiyomuhusu. Miaka themanini na nane. Zamani alikuwa ingénieur kwa migodi ya Kamituga, Kiswahili yake ni ile ya kuamuru watu tu. Akasema: wewe iko muongo, mimi naona sikio yako wakati moteur inalia, wewe iko fundi.

Muzee mubaya. Na alisema kweli.

Miaka kumi na tisa sijagusa moteur.

Jumatano, 6 Agosti

Hannes, mupwa wa Etienne, alifika na vyuma ndani ya carton. Alikuwa na motoneige kwake Ardennes, ile pikipiki ya kutembea juu ya theluji. Ilikufa, akaifungua. Etienne amekwisha kupanga yote: carburateur yake ili moteur ya kigari inywe vizuri, variateur yake ili nguvu ifike mapema kwa magurudumu. Na régulateur, kile kidude cha kuzuia mwendo, kitolewe.

Nilisema nitaangalia tu. Saa nne nilikuwa tayari chini ya kigari, mikono nyeusi hadi kwenye viwiko. Mikono haisahau. Nikasikia muntu anapiga muluzi — kumbe ni mimi. Nikanyamaza. Yule anayepiga muluzi chini ya gari nilidhani nilimuacha kule kwa korongo.

Kisha harufu. Essence, grisi, na chini yake, bière. Nikamuuliza Hannes kama anakunywa kazini. Akacheka, akanionyesha chupa yake ya maji.

Maman Victorine alipita na kile chuma chake cha kutembelea. Mwana wangu, utanifikisha kwa Bikira? Nikasema ndiyo, maman. Ananiita mwana wangu tangu Machi, siku alipoingia. Jina nililisoma kwa mulango wa chumba mbele ya kuona uso. Victorine, mujane wa Donatien, wa Nyangezi. Nikarudi kukaa kwa ngazi. Bruxelles yote hii, na anakuja kuzeekea pale ninapozibua mabomba.

Hanijui. Kule njiani waliniita Turnevis, yaani bisibisi, jina la ubatizo hakuna aliyeuliza.

Jumamosi, 9 Agosti

Imefungwa yote. Imepanda kama mbuzi! Kwanza mimi peke yangu, halafu na mifuko ya muchanga, uzito wa watu wanne. Haikukohoa hata mara moja. Wazee walipiga makofi kwa madirisha. Etienne alitoa machozi, akajifanya anapangusa miwani. Nami nilifurahi. Niandike tu, nilifurahi.

Kisha kushuka. Nikaondoa muguu kwa gaz.

Kimya.

Moteur iliachilia magurudumu. Variateur ya zamani ilikuwa inashika kidogo wakati wa kushuka, hii haishiki kitu. Kigari ikaanza kukimbia yenyewe, hakuna sauti, upepo tu kwa masikio. Nilikanyaga freni na miguu yote miwili. Ilisimama nusu mita mbele ya ua wa bustani.

Hannes akasema ni normal. Kwa theluji huna haja moteur ikushike, theluji yenyewe inakushika. Etienne akasema: freni iko, inatosha.

Freni iko. Nikachomoa ufunguo, nikautia mufukoni.

Jumapili, 10 Agosti

Sikuenda kusali. Rolande, muke wangu, aliuliza kama niko mugonjwa. Nikasema mugongo. Akanipaka dawa kwa mugongo usiouma.

Bon. Niandike mara moja, hakuna anayesoma.

2006. Kule kwetu, camion imejaa kreti za bière, watu sita wamekaa juu ya kreti. Donatien dereva, mimi convoyeur, yaani utingo, na fundi. Mazout, mafuta ya camion, ilikuwa inaisha. Mbele yetu muteremko wote wa Ngomo, hadi Kamanyola. Nikamwambia tia point mort, moteur isishike, tushuke bule, mazout ibaki ya kutufikisha Uvira. Madereva wote walifanya hivyo. Yeye hakupenda. Alisema mara mbili hapana. Nikamucheka, nikasema freni iko, unaogopa kama bibi arusi. Akakanyaga embrayage, ile klachi, ili ninyamaze. Levier ya gia ni mukono wangu ulisukuma. Wangu.

Mwanzo ilikuwa vizuri, kimya, kama kuteleza. Kisha freni ikaanza kunuka, na levier ikakataa kurudi.

Niliruka. Yeye na wale sita hawakuruka, camion ikaanguka nao korongoni.

Chupa zote zilipasuka. Walipomutoa alikuwa amelowa bière toka kichwa hadi viatu, muntu wa kanisa, hakuwahi hata kuonja. Polisi alikuja kwa kitanda changu hospitalini. Dereva alikuwa amekunywa? Nikasema: sijui.

Juma lile lile nikavuka kwenda Burundi. Huko nikasikia kanisa lake lilikataa kumuzika na nyimbo, kwa sababu alikufa mulevi. Neno moja tu nilisema, na tangu siku ile linakula nami mezani.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilikuwa natengeneza robinet ya maji kwa chumba cha maman Victorine. Akaanza mwenyewe, sikumuuliza. Ati bwana yake alikuwa dereva. Ati pombe ilimuua, pombe ambayo yeye muke wake hakuwahi kuiona, donc alikuwa anamuficha. Ndoa ya miaka ishirini na sita, na anamuficha. Njo maana alitoka kwa kanisa lile, akaenda kwa wakatoliki, wao waliomba kwa ajili yake bila kuuliza maswali. Kila tarehe 15 anamuombea Donatien kwa Bikira, ili asamehewe ulevi.

Nilifunga robinet, nikafungua, nikafunga. Haikuwa na shida tena.

Akasema: wewe mwana wangu una roho nzuri, unasikiliza.

Jumanne, 12 Agosti

Asubuhi nilimuambia madame Eline kwamba nataka kurudisha variateur ya zamani. Akauliza kama hii inapanda. Inapanda. Kama inasimama. Inasimama. Basi, akasema, jaribu na muzee mumoja, polepole, tuone. Kugeuka, maman Victorine amekwisha kukaa, kitambaa kwa kichwa, mukoba kwa magoti.

Kupanda ilikuwa dakika mbili. Alicheka njia yote kama musichana.

Juu, nikageuza kigari. Muteremko mbele yetu, na vioo vya nyumba chini vinang'aa. Mikono ikakataa. Nilikaa nimeshika usukani. Akasema twende, mwana wangu. Nikasema siwezi. Akauliza freni imeharibika? Nikasema hapana, maman, mimi ni Turnevis.

Akanigeukia. Jina alilijua. Kumbe Donatien alikuwa ananitaja nyumbani, alikuwa ananitaja na kucheka.

Nikasema yote. Mazout, levier, mukono, kreti, polisi. Sikulia, hata hiyo ninaionea haya. Nilisema kama muntu anayesoma liste ya vyuma.

Aliuliza: siku ile alikunywa?

Chai, maman. Asubuhi, kwenu Nyangezi. 

Mi njo nilimupikia, akasema.

Kisha akauliza neno la mwisho lake lilikuwa nini. Hilo sijawahi kumuambia hata muntu mumoja, hata padri. Nikasema: alisema, Turnevis, ruka.

Alikuambia wewe uruke, akasema. Hakuuliza.

Akafungua mukoba, akafunga. Akashuka kwa kigari peke yake. Nilitaka kumushika, akatoa mukono wake, si kwa hasira, alitoa tu. Alishuka mulima wote kwa miguu, ameshika chuma cha pembeni ya njia, anapumzika kila hatua tatu nne. Nilimufuata nyuma mita kumi, kama ningeweza kumudaka. Karibu saa nzima. Wazee kwa madirisha hawakupiga makofi.

Jumatano, 13 Agosti

Variateur ya motoneige nimeitoa, ya zamani imerudi. Carburateur nimeiacha. Sasa kigari inapanda na muzee mumoja, pole pole, na inashikika wakati wa kushuka. Misa itahitaji safari kumi. Nitasukuma pale itakapochoka. Etienne alinitukana kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa: miaka yote hiyo Kamituga hakuona fundi kichwa ngumu kama mimi. Nikamuambia hakuwahi kuwauliza waliokaa juu ya camion zake kama freni inatosha. Akaomba nimusogezee kiti. Nikamusogezea.

Maman Victorine hakutoka chumbani. Chakula kilirudi kizima.

Saa tisa simu. Darlène, binti yake mukubwa. Sauti ya bureau, kavu. Jumapili, saa tisa, kwake, chaussée d'Ixelles, upande wa Flagey. Watoto wote watakuwa, hata yule wa Liège. Maman hatasema kitu, ni mimi Anaclet nitakayesema, toka mwanzo, mbele yao. Nikasema nitakuja.

Akasema: si peke yako. Mambo ya kifo muntu hakuji peke yake. Kuja na wako, ili tujue tunasema na nani.

Na ni haki. Ndivyo inavyofanywa. Muntu wa upande wako anakaa kando yako, anasikia unachosikia, anaomba musamaha wakati sauti yako imekwisha, anakurudisha nyumbani. Lakini lazima ajue kinachomupeleka. Wadogo zangu wako Bukavu. Wanaume wa chorale ya kanisa, tunacheka pamoja tu. Hapa kuko Rolande peke yake.

Rolande, miaka kumi na tatu ya ndoa. Yeye nilimuambia bega hili lilivunjika kwa mupira.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekutana na maman Victorine kwa couloir ya vyumba. Nikasimama pembeni. Alipita, akasimama, hakugeuza kichwa. Akasema kesho atapanda kwa miguu, misa ni saa nne, yeye ataanza saa mbili. Hakuniita mwana wangu. Hakuniita kitu. Sikuthubutu kuuliza kama nikae nyuma yake.

Niko nyumbani. Saa kumi na moja, jua bado kwa dirisha. Rolande anapiga pasi nguo za misa. Shati langu jeupe limekwisha, liko kwa kiti. Nimezunguka meza hii mara ngapi sijui. Ameniuliza kama mugongo umerudi.

Nimesema: Rolande, zima pasi, kuja ukae.

Amezima. Amekaa. Anadhani naandika liste ya kazi, ananingojea nimalize. Niko naandika ili nisianze.

Anauliza, ni mwanamuke?

Nimetikisa kichwa, hapana.

Ameshusha pumzi, amecheka kidogo, ameweka mukono juu ya mukono wangu wa kuume. Bon, anasema, kama siyo mwanamuke, ni kitu cha kuvumilika. Sema.